Mizunguko Tisa: Mita 1,000 za Wanaume kwenye Barafu

Mtu wa kwanza kuvuka mstari katika fainali ya Olimpiki jijini Beijing, Februari 7, 2022, alikuwa Liu Shaolin Sándor wa Hungaria. Dakika chache baadaye hakuwa na medali yoyote. Refa alipitia picha za video, akamhesabia makosa mawili na kumwondoa, na dhahabu ya mita 1,000 ikaenda kwa Ren Ziwei wa China aliyefika nyuma yake. Katika mbio za riadha, uamuzi wa namna hiyo ungezungumzwa kwa miaka. Katika kuteleza kwa kasi kwenye njia fupi, mita 1,000 za wanaume zilikuwa zimeshatoa vituko vya aina hiyo tangu zilipoingia Olimpiki mwaka 1992.

Chanzo chake ni uwanja wenyewe. Njia ina urefu wa mita 111.12 tu na huchorwa ndani ya ukumbi wa barafu wa mita 60 kwa 30, kwa hiyo mita 1,000 ni mizunguko tisa. Hakuna mistari ya kumtenga mtu na mwenzake. Wanaume wanne au watano huanza pamoja, na kila kona huingiwa kwa mwili uliolala karibu kugusa barafu, mkono wa kushoto ukiparaza chini kwa glavu yenye ncha ngumu. Kando kuna ukuta uliovikwa magodoro. Wengi mbio zao zimeishia kwenye ukuta huo.

Mtindo huu ulizaliwa Marekani na Kanada. Ulaya watelezaji waliondoka wawili wawili, kila mmoja kwenye njia yake, na saa ndiyo iliyoamua. Ng'ambo ya Atlantiki walizoea kuondoka kundi zima na kugombea nafasi. Michezo ya Lake Placid ya mwaka 1932 ilipofuata kanuni za wenyeji, bingwa wa Ufini Clas Thunberg alikataa kusafiri, na Wamarekani Jack Shea na Irving Jaffee wakagawana dhahabu zote nne. Baadaye Olimpiki ikarudia utaratibu wa Ulaya. Mbio za kundi zikaendelea kuishi katika kumbi za ndani, hadi shirikisho la kimataifa, ISU, lilipozitambua mwaka 1967. Mashindano rasmi ya kwanza ya dunia yalifanyika Meudon, Ufaransa, mwaka 1981, na taji la wanaume likachukuliwa na Benoît Baril wa Kanada.

Huko Calgary mwaka 1988 mchezo ulikuwa wa maonyesho tu. Miaka minne baadaye, Albertville, wanaume walipewa nafasi mbili za kugombea medali: mita 1,000 na mbio za kupokezana za mita 5,000. Kim Ki-hoon wa Korea Kusini alizishinda zote mbili. Dhahabu ya mita 1,000 ilikuwa ya kwanza kwa nchi yake katika historia ya Olimpiki za majira ya baridi, na kuanzia hapo Wakorea wakaufanya mchezo huu wao.

Mwaka 1994, Lillehammer, Kim alitetea taji lake, lakini kituko kilikuwa nyuma yake. Mwingereza Nicky Gooch alifika wa pili akaondolewa kwa kumwangusha Derrick Campbell wa Kanada, na Campbell mwenyewe hakumaliza. Fainali ikabaki na watu wawili waliohesabika. Medali ya shaba ikampata Marc Gagnon, Mkanada ambaye hata hakuwamo katika fainali hiyo. Alikuwa ameshinda mbio za kutafuta nafasi za chini. Nagano, mwaka 1998, Mkorea mwingine, Kim Dong-sung, alikuwa nyuma ya Li Jiajun wa China hadi hatua ya mwisho kabisa, akarusha mguu mbele, na wembe wa kiatu chake ukagusa mstari kwanza.

Kisha ikaja Februari 16, 2002, Salt Lake City.

Steven Bradbury wa Australia alikuwa na umri wa miaka 28 na mwili wenye makovu. Mwaka 1994 wembe wa mwenzake ulimchana paja kwenye mashindano ya Montreal, akapoteza damu nyingi na kushonwa nyuzi 111. Mwaka 2000 alivunjika shingo mazoezini. Katika robo fainali alifika wa tatu, nafasi isiyomvusha, ila Gagnon akaondolewa na mlango ukafunguka. Katika nusu fainali alikuwa mkiani mpaka wapinzani kadhaa walipoanguka pamoja, na Satoru Terao wa Japani akaondolewa.

Bradbury alijua kwamba hana kasi ya kupambana na Apolo Ohno wa Marekani, Li Jiajun, Ahn Hyun-soo wa Korea na Mathieu Turcotte wa Kanada. Kwa hiyo aliamua kukaa nyuma na kusubiri. Kwenye kona ya mwisho Li alijaribu kumpita Ohno akaanguka, na sekunde iliyofuata wengine watatu wakaporomoka juu ya barafu. Bradbury akapita akiwa amesimama wima, peke yake, kwa dakika 1 na sekunde 29.109. Ohno alijitupa mstarini kuchukua fedha. Alikuwa amevaa viatu vilivyotoka kwenye karakana ya Bradbury.

Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya majira ya baridi kwa nchi yoyote ya kusini mwa ikweta. Bradbury alieleza baadaye kwamba aliipokea kama malipo ya zaidi ya miaka kumi ya jasho, si ya dakika moja na nusu ile. Waliomcheka walisahau kwamba kuanguka kwa walio mbele ni sehemu ya hesabu za mbio hizi, na kwamba yeye ndiye aliyeipiga hesabu hiyo kabla ya kuondoka.

Ahn, aliyeanguka siku ile, alikuwa na miaka 16 tu. Mwaka 2006, Turin, alirudi na kushinda dhahabu tatu, ya mita 1,000 ikiwamo. Goti lililoumia mwaka 2008 likamnyima Michezo ya Vancouver, ambako Mkorea mwenzake Lee Jung-su aliirithi mita 1,000. Klabu ya Ahn ya jiji la Seongnam ikavunjwa. Mwaka 2011 akachukua uraia wa Urusi na jina la Viktor Ahn, na Sochi 2014 akaitwaa tena mita 1,000 chini ya bendera mpya, pamoja na dhahabu mbili nyingine. Wanaume wa Korea wa njia fupi waliondoka bila medali hata moja, na Rais Park Geun-hye akataka uchunguzi kuhusu jinsi taifa lilivyompoteza. Mwaka 2018, Pyeongchang, watatu kati ya watano wa fainali walianguka, na Samuel Girard wa Kanada akapita salama.

Fainali ya Beijing ilisimamishwa katikati ili kipande cha chuma kiondolewe kwenye barafu, ikaanzishwa upya. Mapema siku hiyo, katika nusu fainali, Wakorea Hwang Dae-heon na Lee June-seo waliondolewa baada ya kuvuka mstari wakiwa na nafasi za kufuzu. Ujumbe wa Korea ulilalamika, ISU ikakataa kubadili uamuzi. Siku mbili baadaye Hwang aliingia fainali ya mita 1,500 yenye watu kumi. Safari hii hakungoja kumpita mtu yeyote kwenye kona za mwisho: alikwenda mbele mizunguko mingi ikiwa bado imebaki, akaulinda uongozi huo mpaka mstarini, na refa hakuwa na la kumwambia.