Nyaraka za bei hamishi nchini Kenya

Nyaraka za bei hamishi ni maandishi ambayo kampuni yenye ndugu zake nje ya Kenya hutakiwa kuwa nayo ili kuthibitisha kwamba bei inazotozana na ndugu hao ndizo ambazo watu baki wangekubaliana. Bei hamishi yenyewe si kosa. Ni bei tu ambayo kampuni mama, kampuni tanzu au tawi hulipana kwa bidhaa, huduma, mkopo, mitambo au haki ya kutumia nembo. Kosa huingia bei hiyo inapopindwa ili faida ionekane kwingine na kodi ya Kenya ipungue.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni ya Mombasa inayochanganya na kufungasha chai inamuuzia ndugu yake wa Dubai kilo 20,000 kwa dola 2 kila kilo, ilhali mnunuzi baki angelipa dola 2.60. Faida ya dola 12,000 imevuka bahari kimyakimya, na kwa kodi ya kampuni ya asilimia 30, Hazina imekosa dola 3,600. Kwenye chai walau mkaguzi ana pa kuanzia, maana bei za mnada wa Mombasa hazifichiki. Taabu iko kwenye ada za usimamizi na mirabaha: hakuna mnada wa nembo. Hapo karatasi za kampuni huwa karibu ushahidi wote uliopo.

Kifungu cha 18(3) cha Sheria ya Kodi ya Mapato (Sura 470) kilikuwa kimempa Kamishna uwezo wa kurekebisha faida ya biashara kati ya mkazi na asiye mkazi wenye uhusiano, lakini hakikueleza bei ya haki ipimwe vipi. Pengo hilo lilianikwa na kesi ya Unilever Kenya. Kampuni hiyo ilikuwa ikiitengenezea Unilever Uganda bidhaa na kuiuzia kwa bei ya chini kuliko ya wateja wa Kenya, na Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) ikaitoza kodi ya ziada kwa miaka ya mapato ya 1995 na 1996. Kampuni ilijitetea kwa miongozo ya bei hamishi ya Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD), ambalo Kenya si mwanachama wake. Kamishna naye akashikilia kwamba miongozo hiyo si sheria ya nchi. Oktoba 2005, Jaji Alnashir Visram wa Mahakama Kuu aliamua kwa upande wa kampuni: sheria ya nyumbani ikiwa kimya, taratibu zinazokubalika kimataifa zaweza kufuatwa. Serikali haikukawia. Kanuni za bei hamishi zilitoka katika Tangazo la Kisheria Na. 67 la 2006 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai mwaka huohuo.

Kanuni hizo zinataja njia tano za kupima bei, kuanzia kulinganisha na bei ya watu baki hadi kugawana faida, na kumwachia Kamishna nafasi ya kukubali njia nyingine. Kampuni inayodai kwamba bei zake ni za haki sharti iandike sera yake, ikokotoe bei kwa mujibu wake, na itoe nyaraka Kamishna anapozidai. Nyaraka zinapaswa kuonyesha njia iliyochaguliwa na sababu ya kuichagua, hesabu zenyewe, muundo wa kundi zima duniani, undani wa kila muamala, na mambo yaliyochukuliwa kuwa kweli wakati wa kupanga bei. Ziwe kwa Kiingereza au zitafsiriwe kwa Kiingereza, tena wakati bei inapofikiwa. Kiswahili hakimo, ingawa tangu Katiba ya 2010 ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza.

Hilo la wakati ndilo lenye uzito. Faili linaloandikwa baada ya barua ya mkaguzi kufika huonekana lilivyo: utetezi wa bei iliyokwisha kupangwa. Na kwenye mzozo wa kodi, mzigo wa kuthibitisha humwangukia mlipakodi, si KRA. Udhaifu mwingine uko kwenye vilinganisho, yaani kampuni baki ambazo takwimu zake hutumiwa kupima bei. Makampuni ya Kenya yanayochapisha hesabu zake ni machache, hivyo washauri huchota takwimu kwenye kanzidata za kulipia zilizojaa makampuni ya Ulaya, kisha hubishana na wakaguzi iwapo msambazaji wa Poland anafanana na wa Nakuru.

Sheria ya Fedha ya 2022 iliongeza ngazi tatu za taarifa, kwa mfano wa mpango wa OECD na G20 wa 2015: faili kuu la kundi, faili la nchi, na taarifa ya nchi kwa nchi. Mafaili mawili ya kwanza hutakiwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa hesabu kuisha, na taarifa ya nchi kwa nchi ndani ya miezi 12. Hii ya mwisho inayahusu makundi yenye mauzo ya shilingi bilioni 95 au zaidi, na humwonyesha mkaguzi mapato, faida, kodi na idadi ya wafanyakazi kwa kila nchi. Kampuni yenye faida nono na wafanyakazi wawili kwenye kisiwa chenye kodi ndogo haihitaji tena kutafutwa kwa tochi.

Sheria ya Fedha ya 2025 iliruhusu makubaliano ya bei ya awali kuanzia 1 Januari 2026. Kampuni na KRA wanaweza kuafikiana njia ya kukokotoa bei kabla ya biashara kufanyika, kwa muda usiozidi miaka mitano.