Kung'oa meno yote: somo la Trenton



Mama mudogo wangu ana ugonjwa wa sukari. Kila asubuhi akipiga mswaki, nyama ya meno inatoka damu. Jirani akamwambia: «Ng'oa yote, mama, mwili utapona.» Nikatafuta ile wazo inatoka wapi, nikakuta historia yenye inatisha.

Mwaka 1900, munganga William Hunter wa London aliandika kwamba usaha na mikrobu za mudomoni zinaleta magonjwa mengine mwilini. Mwaka 1910 akarudilia maneno hayo Montreal, kwenye Chuo Kikuu cha McGill. Wazo likasambaa. Maumivu ya viungo, uchovu, tumbo: yote ikawa kosa ya meno. Watu wengi Uingereza na Marekani wakang'olewa hata meno mazima.

Mbaya zaidi ilikuwa Trenton, New Jersey. Henry Cotton, mukubwa wa hopitali ya wagonjwa wa akili, aliwang'oa meno, kisha tonsili, kisha akawakata hata utumbo. Wengi walikufa. Yeye alidai kwamba wagonjwa 85 kwa 100 wanapona. Katika miaka ya 1920, munganga Phyllis Greenacre alitumwa kukagua hizo hesabu, akakuta si za kweli. Ripoti yake ikafichwa, kazi ikaendelea.

Baadaye wazo lote likatupwa, kwa miaka mingi. Mwaka 1989, wachunguzi wa Finland walilinganisha watu 100 waliotoka kupatwa na mshtuko wa moyo na wengine 102. Wenye moyo mugonjwa walikuwa na afya mbaya zaidi ya meno. Hiyo peke yake haionyeshi kwamba mudomo njo uliharibu moyo: tumbaku, kwa mufano, inaharibu vyote viwili. Ila kwa sukari ushahidi ni wa nguvu. Ugonjwa wa sukari unazidisha ule wa nyama ya meno. Na nyama ya meno ikitunzwa na munganga, sukari ya damu inashuka kidogo.

Sisi wa agronomia, majani ya muhindi yakigeuka manjano, hatung'oi shamba. Tunapima udongo kwanza. Cotton aling'oa mbele ya kupima.

Kwa hiyo nimemuomba mama mudogo aone munganga wa meno, asafishwe uchafu ulioganda chini ya nyama, apige mswaki mara mbili kwa siku, na dawa ya sukari asiiache. Meno yenye ingali mazima ibaki. Na kwenu nyumbani, nani anatoka damu akipiga mswaki na ananyamaza?