Kisebuano cha Ufilipino: maana za maneno yake, na kinachopotea yakigeuzwa Kiingereza

Mpunga uko shambani, mchele uko dukani, wali uko sahanini. Kwa msemaji wa Kiswahili hivyo ni vitu vitatu, lakini Kiingereza kina neno moja la kuvitaja vyote: "rice". Msemaji wa Kisebuano, lugha kubwa ya visiwa vya kati na kusini mwa Ufilipino, yuko upande wetu. Naye ana maneno matatu: humay ni mpunga, bugas ni mchele, kan-on ni wali.

Wasikilizaji wengi wana ndugu wanaofanya kazi nchi za Ghuba pamoja na Wafilipino, na huko mara nyingi Kiingereza ndicho kinachowaunganisha. Makala haya yanaeleza baadhi ya maneno ya Kisebuano, maana zake kwa Kiswahili, na kwa nini tafsiri ya Kiingereza haitoshi kila mara.

Kinazungumzwa wapi?

Ufilipino ni nchi ya visiwa zaidi ya 7,000 na lugha zaidi ya 100. Kisebuano kina wasemaji takriban milioni 20. Kimepewa jina la kisiwa cha Cebu, ambacho wenyeji walikiita Sugbo. Kinazungumzwa pia Bohol, upande wa mashariki wa Negros, upande wa magharibi wa Leyte, na sehemu kubwa ya Mindanao. Wasemaji wenyewe mara nyingi hukiita Bisaya au Binisaya.

Lugha ya taifa ni Kifilipino, ambacho msingi wake ni Kitagalogi cha eneo la Manila. Kiingereza nacho ni lugha rasmi, kilichoingia na utawala wa Marekani ulioanza mwaka 1898. Kwa hiyo mtoto wa Cebu huongea Kisebuano nyumbani, husoma Kifilipino na Kiingereza shuleni, na hukua na lugha tatu kama watoto wengi wa Kenya na Tanzania. Kuanzia mwaka 2012 madarasa ya chini yalifundishwa kwa lugha ya mama, Kisebuano kikiwemo, lakini mwaka 2024 sheria mpya iliondoa sharti hilo.

Namna ya kusoma maneno yake

Kusoma Kisebuano si kazi ngumu kwa Mswahili, kwa sababu karibu kila herufi hutamkwa kama ilivyoandikwa. Kumbuka mambo mawili. Kwanza, "ng" yao ni ng' yetu, kama katika ng'ombe. Neno ngalan, yaani jina, husomwa ng'alan. Pili, kistari kilicho katikati ya neno, kama katika kan-on, huonyesha kwamba sauti inakatwa kidogo kabla ya kuendelea.

Shambani na jikoni

Neno kan-on limetokana na kaon, yaani kula. Maana yake ya asili ni "kitu cha kuliwa". Hiyo inakuonyesha nafasi ya wali katika maisha yao: chakula chenyewe ndio huo. Pamoja na hayo, sehemu nyingi za Cebu zina ardhi ya mawe isiyofaa kwa mpunga, na kwa muda mrefu watu wake wamekula mahindi. Hukoboa na kusaga mahindi yawe chenga ndogo, wakaziita bugas mais, kana kwamba ni "mchele wa mahindi". Zikishapikwa nazo huitwa kan-on. Ukimwambia Mwingereza kuwa umekula "rice" ya mahindi atashangaa, ila kwa Kisebuano sentensi hiyo ni ya kawaida kabisa.

Ule wali ulioshika chini ya sufuria wanauita dukot. Sisi tunauita ukoko. Kiingereza hakina neno moja la kawaida kwa kitu hicho, hulazimika kueleza: wali ulioganda na kuungua chini ya chungu.

Mnazi nao uko hivyo hivyo. Lubi ni mnazi na pia nazi. Butong ni dafu, na lahing ni nazi iliyokomaa. Kopras ni mbata. Tuba ni tembo la mnazi, ambalo sehemu nyingi hutiwa gome la mkoko, wanaloliita tungog, likawa jekundu. Kwa Kiingereza vyote hivi hupita chini ya neno "coconut" na maelezo ya ziada.

Kuna pia alayon. Wakulima hukubaliana kulima kwa zamu: leo shamba la huyu, kesho la yule, na mwenye shamba la siku hiyo huwalisha wenzake. Kiingereza hutafsiri kwa neno la jumla la ushirikiano, lakini Mswahili anayejua ujima hahitaji maelezo marefu.

Udugu na heshima

Neno igsoon ni ndugu wa kuzaliwa pamoja, awe mwanamume au mwanamke. Kiingereza cha kila siku hukulazimisha kuchagua: "brother" au "sister". Kisebuano hutazama zaidi nani alitangulia kuzaliwa. Maguwang ni mkubwa wako, manghod ni mdogo wako. Ndivyo nasi tunavyosema "mdogo wangu" bila kutaja kama ni wa kiume au wa kike.

Neno siya ni yeye, bila kutenganisha mume na mke. Ndiyo maana Msebuano anayejifunza Kiingereza huchanganya "he" na "she", kosa ambalo walimu wa Kiingereza wa kwetu wanalijua vizuri.

Katika kuitana, mtu mzima wa kiume huitwa Nong na wa kike Nang, hata kama si ndugu yako. Maneno hayo yametokana na Kihispania cha kaka na dada. Kijana wa kiume huitwa Dong, wa kike Day. Kumwita mkubwa kwa jina tupu ni kukosa adabu. Kiingereza hakina namna ya kulibeba jambo hili, na tafsiri nyingi huliacha tu.

Neno ulaw ni haya au aibu. Mtu walay ulaw ni mtu asiye na haya, na kauli hiyo ni nzito kule kama ilivyo kwetu. Neno buotan hutokana na buot, yaani nia au akili ya mtu, na humaanisha mtu mwema, mtulivu, anayejua la kufanya bila kuambiwa. Kamusi huandika "kind" au "well-behaved". Kiswahili cha muungwana kinakaribia zaidi. Utang kabubut-on ni deni la fadhila: mtu aliyekusaidia wakati wa shida humlipi kwa fedha ukamaliza, bali unaendelea kumkumbuka.

"Sisi" wawili, na "hapana" tatu

Hapa Kisebuano kinatuzidi. Kina "sisi" wa aina mbili. Kita, au kwa kifupi ta, ni sisi pamoja na wewe ninayekuambia. Kami, au mi, ni sisi bila wewe. Mtu akisema Mokaon ta, sogea mezani, umekaribishwa. Akisema Mokaon mi, anakuarifu tu kwamba wao watakula. Kwa Kiingereza zote mbili ni "we", na kwa Kiswahili pia.

Kukataa nako kuna maneno matatu. Dili hukataa jambo lijalo au hali: Dili ko mokaon, sitakula. Wala hukataa lililopita au kusema kitu hakipo: Wala ko mokaon, sikula. Walay kwarta, hakuna pesa. Ayaw hukataza: Ayaw pagkaon, usile. Mgeni anayetumia dili mahali pote ataeleweka vibaya, maana katika mfano huo wa kula tofauti kati ya "sitakula" na "sikula" imo ndani ya neno hilo moja.

Maneno yanayofanana na yetu

Baadhi yamefanana kwa sababu ya historia. Mwaka 1498 Wareno walifika Mombasa na Malindi. Mwaka 1521 Ferdinand Magellan, Mreno aliyeongoza meli za Hispania, alifika Cebu, na tarehe 27 Aprili mwaka huo aliuawa kisiwani Mactan akipigana na watu wa Lapulapu. Mwitalia Antonio Pigafetta, aliyekuwa katika safari hiyo, aliandika orodha ya maneno ya watu wa Cebu, nayo ni kumbukumbu ya zamani sana ya lugha hiyo kwa maandishi. Wahispania walirudi mwaka 1565 na kutawala kwa zaidi ya miaka 300.

Kireno na Kihispania ni lugha ndugu, kwa hiyo sisi tuna meza na wao wana lamesa, sisi bendera na wao bandera, sisi mvinyo na wao bino. Maneno ya Kiarabu nayo yalifika kote kwa njia tofauti. Sukari yetu kwao ni asukal, neno lililopitia Kihispania. Salama ya kwetu ni jamaa wa salamat ya kwao, lakini kule maana yake ni asante. Hukumu yetu inaonekana katika hukom, yaani hakimu. Maneno haya mawili yalifika huko kupitia Kimalei.

Mengine yamefanana kwa bahati tu, na yanaweza kukupoteza:

Bata: mtoto.
Baba: mdomo.
Simba: kusali au kwenda kanisani, simbahan ni kanisa.
Saba: kelele, pia ni aina ya ndizi ya kupika.
Ako: mimi.
Bana: mume.

Jamaa zao walio karibu nasi

Kisebuano kimo katika ukoo wa lugha unaoitwa Kiaustronesia, ulioenea kutoka Taiwan hadi visiwa vya Pasifiki. Tawi moja la ukoo huo lilivuka Bahari ya Hindi miaka zaidi ya 1,000 iliyopita na kufika Madagaska. Ndiyo maana Kimalagasi kinafanana na lugha za mbali huko mashariki kuliko na jirani zake wa bara la Afrika. Mbingu kwa Kisebuano ni langit, kwa Kimalagasi lanitra. Mwezi ni bulan, na volana. Jiwe ni bato, na vato. Tatu ni tulo, na telo. Wataalamu wengi huona pia kwamba ngalawa ya pwani yetu, yenye mbao za kuelea pande mbili, ina asili moja na mitumbwi ya mabaharia hao. Mitumbwi ya wavuvi wa Cebu hadi leo ina mbao hizo, na huko huitwa katig.

Neno lisipoeleweka, watu hufa

Tarehe 8 Novemba 2013 kimbunga Haiyan, ambacho Wafilipino walikiita Yolanda, kilipiga visiwa vya Samar na Leyte, kaskazini mwa Cebu na maeneo ya jirani. Watu zaidi ya 6,000 walikufa. Wengi wao waliuawa na maji ya bahari yaliyosukumwa na upepo hadi nchi kavu, ambayo mjini Tacloban yalipanda kufikia mita tano au zaidi.

Tahadhari ilitolewa mapema, redioni na kwenye televisheni. Lakini hatari ile ilitajwa kwa Kiingereza: "storm surge". Wakazi wa Tacloban huongea Kiwarai, lugha ndugu ya Kisebuano, na katika maeneo mengine yaliyopigwa watu huongea Kisebuano chenyewe. Baada ya maafa wengi walieleza kwamba waliyasikia maneno hayo bila kujua yanamaanisha nini. Walijua bagyo, yaani dhoruba, na walijiandaa kwa upepo na mvua. Baadhi walisema wangeambiwa kwamba bahari itapanda kama tsunami, wangekimbilia milimani. Maneno matatu ya Kisebuano, mosaka ang dagat, yaani bahari itapanda, yangeeleweka na mtoto mdogo.

Somo hilo linatuhusu. Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani ya Tanzania Mei 2024, mvuvi alihitaji kuambiwa kwa maneno anayoyatumia kila siku: upepo wa namna gani, mawimbi ya urefu gani, asiende baharini hadi lini. Ukisikia tahadhari yenye neno usilolijua, uliza maana yake siku hiyo hiyo.

Ukitaka kutafuta neno

Maneno ya Kisebuano hujengwa kwa viambishi kama ya Kiswahili. Luto ni shina la kupika. Nagluto ni aliyepika au anayepika, giluto ni kilichopikwa, lutoa ni agizo la kukipika kitu fulani. Kamusi kubwa ya John U. Wolff, iliyochapishwa mwaka 1972, imepanga maneno kwa mashina. Kwa hiyo ondoa kwanza mo-, nag- au gi- ya mwanzoni, kisha tafuta kinachobaki. Ni sawa na kutafuta "pika" badala ya "nimempikia".

Maneno ya kuanzia

Maayong buntag: habari za asubuhi.
Maayong hapon: habari za mchana, baada ya saa sita.
Maayong gabii: habari za usiku.
Kumusta ka?: hujambo, u hali gani?
Maayo: nzuri.
Oo: ndiyo.
Palihug: tafadhali.
Salamat: asante.
Tubig: maji.
Isda: samaki.
Asin: chumvi.
Balay: nyumba.
Tabang!: msaada, nisaidieni!

Hilo la mwisho lishike vizuri, wewe au ndugu yako aliye mbali. Linaweza kuhitajika wakati hakuna nafasi ya kutafuta Kiingereza chake.