Songea: Mwamba, Maji na Mguu wa Mchezaji

Sisi wa pwani, tukilisikia jina la Songea, huwaza vita. Wachache wetu wajuao kwamba jina hilo limeingia pia katika elimu ya miamba. Wanajiolojia walipoyapanga matabaka ya kale ya kusini mwa Tanzania, yenye makaa ya mawe na mifupa iliyogeuka jiwe, waliyaita kwa jina la Songea. Umri wake wapita miaka milioni 200. Mnyama mmoja aliyechimbuliwa humo, katika bonde la Ruhuhu, alitangazwa mwaka 2010 kwa jina la Asilisaurus kongwe: Kiswahili kilichofumwa na Kiyunani. Lakini kabla ya kuwa mji au mwamba, Songea alikuwa mtu. Alikuwa Songea Mbano, nduna wa Wangoni.

Vita vya Majimaji aghalabu husimuliwa kwa hesabu ya bunduki na mikuki. Mimi naviona pia kuwa sanaa ya maonyesho, ambayo jukwaa lake ni nchi yenyewe. Mwaka 1904, huko Ngarambe, Kinjikitile Ngwale alisemekana kuzama mtoni na kuibuka siku ya pili nguo zake zikiwa kavu. Waliomwendea kutaka maji walifundishwa likinda, zoezi la kivita lenye mwendo wa ngoma. Na Julai 1905, huko Umatumbi, vita havikutangazwa kwa barua wala kwa baragumu. Watu waliingia shambani wakang'oa miche ya pamba. Ni tendo gani la jukwaani lililowahi kusema mengi kwa maneno machache kama lile?

Pwani iliyapokea hayo kwa kalamu. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi aliyatungia utenzi, uliochapwa mwaka 1933, na Ebrahim Hussein akaandika tamthilia ya Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969. Ungoni iliyahifadhi kwa miguu.

Maji yaliposhindwa kuzizuia risasi, Songea Mbano alikimbilia jiwe: pango la Chandamali linaonyeshwa hadi leo kuwa maficho yake. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga wenzake zaidi ya 60, wakazikwa pamoja. Yeye alinyongwa baadaye, na wazee husema kichwa chake kilipelekwa Ujerumani.

Kila Februari, kumbukumbu ya mashujaa hao hufanyika Songea, na ngoma za Wangoni huchezwa, lizombe ikiwamo. Hapa nina neno. Lizombe ikichezwa juu ya saruji, mbele ya viti vya wageni, hupungukiwa, kwa maana ardhi inayopigwa na mguu nayo ni chombo: hujibu kishindo, na hutoa vumbi. Kijana wa Mshangano, kata iliyo ndani ya Manispaa hiyohiyo ya Songea, aweza kujifunza hatua zote za ngoma bila kuambiwa kwamba Chandamali ni sehemu ya ngoma hiyo. Laiti kumbukumbu ingeanzia pangoni, wachezaji wakateremka wakicheza hadi makaburini.

Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha mbele ya ukoo wa Mbano. Kaburi la nduna liko pale Makumbusho ya Majimaji, limetengwa na lile la wenzake. Ukoo ungali unalingojea fuvu.