Malengelenge ya Upareni na Chuo cha Ngozi cha Moshi

Mgonjwa wa Chome au Mbaga aliyejaa malengelenge mwilini, tena ana vidonda mdomoni visivyosikia dawa ya fangasi, hushuka hadi Same, kisha hufuata barabara kuu mpaka hospitali ya KCMC, Moshi. Njia hiyo ya rufaa haina umri mrefu. Reli ya Tanga, iliyopita chini ya milima ya Upare, ilifika Moshi mwaka 1911. KCMC ilifunguliwa miaka 60 baadaye, mwaka 1971.

Utaalamu wenyewe pia ulikwenda mwendo wa kinyonga. Mjerumani Johann Ernst Wichmann alieleza pemfigasi, ugonjwa wa malengelenge sugu, mwaka 1791, lakini magonjwa mengi ya malengelenge sugu yaliendelea kubebeshwa jina hilo moja. Mwaka 1953 Walter Lever wa Boston aliitenga pemfigoidi, ambayo huwapata zaidi wazee na malengelenge yake hayapasuki upesi. Mwaka 1964 Ernst Beutner na Robert Jordon walizikuta katika damu ya wagonjwa kingamwili zilizoigeukia ngozi yao wenyewe. Katika pemfigasi hushambulia protini zinazoshikanisha seli. Seli zikiachana, maji hujaa katikati. Mara nyingi kinywa ndicho hutangulia kuugua.

Kabla ya dawa za steroidi, zilizoanza kutumika karibu mwaka 1950, wengi wa wagonjwa wa pemfigasi walikufa.

Mwaka 1992 kilianzishwa katika KCMC kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, RDTC, kwa msaada wa International Foundation for Dermatology. Mkuu wake wa kwanza alikuwa daktari Mjerumani, Henning Grossmann. Badala ya kungoja mabingwa wapatikane, kituo kiliwachukua matabibu na wauguzi wenye uzoefu, kikawafundisha kwa miaka miwili, kisha wakarudi kazini, Tanzania na katika nchi nyingine za Afrika.

Kazi yao ya kuutambua ugonjwa huanzia machoni na vidoleni. Ngozi iliyo kando ya lengelenge ikisuguliwa taratibu na kuchubuka, pemfigasi hushukiwa. Dalili hiyo ina jina la Mrusi Pyotr Nikolsky, aliyeieleza mwishoni mwa karne ya 19, na haihitaji umeme. Uthibitisho hutoka maabara, kipande cha ngozi kikitazamwa kwa hadubini.

Baada ya hapo huja miezi mingi ya vidonge vya prednisoloni, mojawapo ya dawa za steroidi. Dozi hupunguzwa kidogo kidogo huku sukari, shinikizo la damu na maambukizi vikichunguzwa. Kwa mtu wa milimani, kuacha vidonge ghafla kwa kukosa nauli ya kliniki ni hatari kubwa, hivyo ufuatiliaji wa karibu na nyumbani ni sehemu ya tiba.