Somo la Historia: Orodha za Tovuti na Viungo Vyake

Leo tutasoma habari za jambo lisilo la zamani sana, lakini lina historia yake.

Kumbukeni kitabu cha simu. Mtu aliyetaka duka la baiskeli Dodoma alikifungua, akatafuta jina, akapata namba na sanduku la posta. Katika intaneti nako zilitokea orodha kama hizo. Mwaka 1994 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Jerry Yang na David Filo, waliandika orodha ya tovuti, wakazipanga kwa mafungu: elimu, biashara, michezo na kadhalika. Orodha hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Yahoo. Hapo hapo Stanford mkutubi Karen Fung alitunza orodha ya tovuti za Afrika, nchi baada ya nchi, Tanzania ikiwamo. Mwaka 1998 ikatokea DMOZ, iliyotunzwa na watu wa kujitolea.

Sasa andikeni neno “kiungo”. Hapa si kiungo cha mchuzi. Ni maneno katika ukurasa ambayo ukiyagusa yanakupeleka kwenye ukurasa mwingine.

Mwaka ule ule wa 1998 Larry Page na Sergey Brin, nao wa Stanford, walianzisha kampuni ya Google. Mtambo wao ulihesabu kila kiungo kuwa ni ushahidi. Tuseme mgeni anauliza pale Buigiri, nani fundi mzuri wa kuchimba kisima? Wapita njia kumi wakimtaja mmoja, na mzee anayeheshimiwa akamtaja mwingine, mgeni atamfuata yule wa mzee. Google ilipima hivyo. Tovuti iliyotajwa na wenye heshima ilipanda juu, na iliyo juu ndiyo inayosomwa.

Basi tamaa ikaingia. Yahoo iliwatoza wafanyabiashara dola 299 kwa mwaka, na wengi walilipa. Wajanja nao wakatengeneza maelfu ya orodha ambazo hakuna aliyezisoma. Kazi yake ilikuwa kuuza viungo tu. Ni sawa na kukodi mashahidi wa uwongo barazani. Aprili 2012 Google ilileta hesabu mpya iliyoitwa Penguin, jina la ndege wa nchi za barafu, ili kuzishusha tovuti zilizonunua ushahidi. Orodha ya Yahoo ilifungwa mwisho wa mwaka 2014, na DMOZ ikafungwa Machi 2017.

Lakini wauzaji wa viungo hawakwisha. Nakijua kikundi kimoja cha wakulima wa zabibu kilichotoa fedha ya mavuno ili kiandikwe katika orodha mia tano. Walipewa karatasi ndefu ya majina, wakaitundika ukutani. Hakuna mnunuzi hata mmoja aliyepiga simu. Nilipozifungua chache pamoja nao, moja ilikuwa ya mahoteli ya Ulaya! Kwa maoni yangu, kutajwa mara moja tu katika ukurasa wa tamasha la muziki wa Kigogo linalofanyika hapa Chamwino kungewafaa zaidi, maana anayefika hapo anataka kweli habari za Chamwino.

Kwa juma lijalo, kila mmoja aandike majina matatu ya watu au vyama ambavyo mgeni akivisikia vikikutaja, atakuamini. Kwaherini.