Mbwa wa Alaska Asiye na Shajara

Katika nchi ya Alaska, ambayo Marekani iliinunua kwa Urusi mwaka 1867, yuko mbwa ambaye wenye kutunza daftari za nasaba za mbwa hawamtambui hata leo, kwa kuwa hana umbo moja, wala rangi moja, wala sikio la namna moja. Na mbwa huyo, aitwaye husky wa Alaska, ndiye ashindaye mbio ndefu za sleji, hali wenziwe wenye shajara ndefu aghalabu huwa nyuma yake.

Kilichomzaa ni tamaa ya dhahabu. Ilipopatikana dhahabu karibu na Nome mwaka 1898, maelfu ya watu walimiminika pwani ile, na bahari ya Bering ilipoganda hapakuwa na chombo kilichoweza kuwafikia. Barua, unga na vyuma vya kuchimbia havikuwa na mchukuzi ila mbwa. Mbwa wa wenyeji hawakutosha, basi meli zikashusha mbwa wa kila jinsi kutoka kusini, wa kuwinda ndege na wa kulinda nyumba, wakachanganyika na wale wa nchi pasipo mtu kuuliza nani kufu ya nani. Aliyevuta vema alizalishwa, asiyevuta hakuzalishwa.

Mwaka 1908 yakaanzishwa mashindano ya kutoka Nome hadi Candle na kurudi, masafa ya maili 408, na karibu na wakati huo mfanyabiashara mmoja Mrusi, William Goosak, akavusha kutoka Siberia mbwa wadogo ambao watu wa Nome waliwadhihaki kuwa ni panya. Dhihaka haikudumu: mwaka 1910 John Johnson alishinda kwa mbwa wa aina hiyo kwa muda wa saa 74 na robo hivi, na damu yao nayo ikaingia katika mchanganyiko.

Miongoni mwa mbwa wa asili hiyo ya Siberia alikuwamo Togo, mbwa wa Leonhard Seppala, ambaye si chotara, lakini tabia yake yaeleza urithi walioupata machotara. Togo alipokuwa mdogo, Seppala alimwona dhaifu akamtoa awe mbwa wa nyumbani. Naye hakustahimili raha ile, akaruka akapasua kioo cha dirisha na kurejea mbio kwa bwana wake. Huyo ndiye aliyekuja kuongoza sehemu ndefu kuliko zote ya safari ya mwaka 1925, dondakoo ilipozuka Nome na waendeshaji 20 wakapokezana dawa kutoka Nenana, maili 674, kwa siku tano na nusu. Hata hivyo sanamu mashuhuri iliyosimamishwa New York ni ya Balto, mbwa aliyebahatika kuingia mjini na dawa hiyo.

Uchunguzi wa urithi wa damu uliotolewa mwaka 2010 ulionyesha kuwa husky wa Alaska, fauka ya asili yake ya kaskazini, ana alama za mbwa wa kuwinda ndege, na hata za saluki, yule mwembamba ambaye Waarabu wa jangwani humtumia kuwinda paa.

Mtu asimame karibu wakati kundi lifungwapo mikanda ndipo atakapofahamu shauku ya mbwa hawa. Sleji hufungwa kwa kamba katika mti au nguzo, maana mbwa wangeondoka nayo bila mwendeshaji. Wanapiga makelele, wanaruka wima, mmoja anatafuna kamba kwa ghadhabu. Na kamba ifunguliwapo, makelele hukatika mara moja, zikabaki pumzi na mkwaruzo wa mbao juu ya theluji. Wamwitao mbwa huyu mkorofi wamemdhulumu, kwa kuwa wafugaji walimchagua vizazi kwa vizazi kwa shauku hiyo hiyo.

Pikipiki za theluji zilipoenea miaka ya 1960, mbwa walianza kutoweka vijijini, ndipo Joe Redington akasimamisha mashindano ya Iditarod, ambayo tangu mwaka 1973 huenda Nome. Mshindi wa kwanza alitumia siku ishirini hivi. Siku hizi washindi hutumia tisa hivi, na kila mbwa hula chakula cha kalori elfu kumi au zaidi kwa siku. Theluji iyeyukapo, wenye mbwa huwafunga katika gari dogo la magurudumu manne na kuwaendesha alfajiri, kabla jua halijapanda. Na mtu wa mjini anayemchukua mmoja wao baada ya kustaafu, akidhani atamtosheleza kwa matembezi ya jioni hadi dukani, hukuta ua wake umechimbwa na mbwa yuko barabarani.